Mpiga Picha Kijana Ajibu Maswali ya Wasomaji: Shule ya Sanaa, Safari, na Sanduku la Baba Yake

Katika miezi ya karibuni ukurasa huu umepokea barua nyingi kutoka kwa vijana, na pia kutoka kwa wazazi wao, zote zikizungukia jambo moja. Vijana wanauliza: Je, kazi ya kupiga picha hujifunzwa wapi? Ni lazima mtu aende shule ya sanaa? Ni lazima asafiri nchi za mbali? Wazazi kwa upande wao wanauliza swali fupi zaidi: Je, kazi hiyo inalisha?

Tuliona si haki kuwajibu wasomaji wetu kwa maneno yetu sisi tusioishi kwa kamera. Kwa hiyo tulimtafuta mtu ambaye kamera ndiyo jembe lake, tukamsomea barua hizo moja baada ya moja, naye akakubali kuzijibu bila kuficha.

Mwenyeji wetu ni binti wa miaka 27, mkazi wa mtaa wa Katuba, jijini Lubumbashi. Anaishi na mama yake katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mwembe mkubwa uani. Alituomba tusiliandike jina lake, akisema kwamba wasomaji wameuliza habari za kazi, hawakuuliza habari za mtu. Tumeiheshimu haja yake. Mama yake alituandalia bukari kwa kapenta na lengalenga, na baada ya kunawa mikono mazungumzo yetu yakaanza.

SWALI: Binti yangu, wasomaji wanataka kujua kwanza ulianzaje kazi hii.

JIBU: Mama, siwezi kutaja siku niliyoanza, kwani nilizaliwa nyumbani mwa mpiga picha. Marehemu baba alifungua studio yake katika mtaa huu mwaka 1979. Ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, na nyuma yake chumba cha giza. Ukutani alitundika kitambaa kikubwa kilichochorwa bustani yenye chemchemi, na watu walikuja siku ya Jumapili wakiwa wamevaa mavazi yao mazuri, wakasimama mbele ya bustani hiyo ambayo hapa kwetu haikuwapo.

Nilipokuwa na miaka saba hivi niliruhusiwa kuingia katika chumba cha giza. Palikuwa na mabeseni matatu: la kwanza la dawa ya kusafishia picha, la pili la kuisimamisha dawa hiyo, na la tatu la dawa ya kuithibitisha picha isiharibiwe tena na mwanga. Juu iliwaka taa nyekundu. Baba alizamisha karatasi nyeupe katika beseni la kwanza, na baada ya kitambo uso wa mtu ulianza kujitokeza: kwanza nywele na nyusi, kisha macho, mwisho mashavu. Kazi yangu ilikuwa kuzianika picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nilidhani baba ndiye anayewaumba watu hao majini.

SWALI: Bila shaka alifurahi ulipotaka kuufuata ufundi wake.

JIBU: La, mama. Alikasirika sana. Studio yake ilifungwa mwaka 2009, kwa sababu kila mtu alikuwa ameanza kujipiga picha kwa simu, na hata picha za vitambulisho zilikuwa zikipigwa palepale ofisini. Alikuwa ameona kazi ya miaka 30 ikimfia mikononi. Aliniambia: “Mwanangu, kazi hii imekwisha. Nenda ukasome uuguzi, wagonjwa hawatakwisha.” Hakuwa mkatili. Alikuwa anaogopa njaa yangu kuliko mimi nilivyoiogopa.

Mama yangu ndiye aliyenilipia karo ya shule ya sanaa mwaka 2015, kwa fedha za vitenge alivyokuwa akiuza sokoni. Baba hakuzungumza nami kwa muda wa miezi mitatu. Baadaye alianza kuuliza nimechora nini siku hiyo, lakini hakutaka nimwonyeshe.

SWALI: Na huko shuleni ulifundishwa kupiga picha?

JIBU: Kidogo sana. Kamera ilikuwa moja, nasi tulikuwa wengi. Lakini nilifundishwa kuchora, na sasa naona kwamba hilo lilikuwa bora zaidi kwangu. Mwalimu wetu alituwekea mtungi mezani, akatuamuru tuuchore kila asubuhi kwa wiki nzima. Siku ya kwanza tulichora mtungi. Siku ya tatu tulianza kuona kwamba mtungi una upande wa nuru, upande wa kivuli, na kati ya hizo mbili una sehemu isiyo nuru wala kivuli. Siku ya sita dirisha lilifunguliwa, na mtungi uleule ukawa mtungi mwingine. Tangu wakati huo sijapiga picha ya mtu kabla ya kutazama kwanza nuru inatoka wapi.

Isitoshe, shuleni nilijua kwamba hapa kwetu kuna urithi. Mwaka 1946 Mfaransa aliyeitwa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji katika mji huu, ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Humo walitokea mabingwa kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha chuo cha sanaa. Nilipoona kazi za wazee hao niliacha kufikiri kwamba sanaa ni kitu kinacholetwa kwa ndege.

SWALI: Basi tuwajibu vijana. Je, shule ya sanaa ni lazima?

JIBU: Nawaomba watazame maisha ya waliotangulia, wataona kwamba njia ni nyingi. Huko Mali palikuwa na mabwana wawili wakubwa wa picha katika mji mmoja wa Bamako. Seydou Keïta hakusoma shule yoyote ya sanaa. Alijifunza useremala tangu utotoni, mjomba wake akamletea kamera ndogo, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Mwenzake, Malick Sidibé, alisoma shule ya sanaa za mikono, akahitimu mwaka 1955 akiwa mjuzi wa kuchora na kutengeneza mapambo. Mfaransa mmoja mwenye duka la picha, Gérard Guillat, alimchukua ili ampambie duka lake, na humo ndimo Sidibé alimojifunzia kamera. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata, na mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice. Mmoja alikwenda shule ya sanaa, mwingine hakwenda, na leo majina yao hutajwa pamoja.

Samuel Fosso alifungua studio yake mjini Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13 tu. Na hapa Lubumbashi kuna Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978. Yeye alianzia Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi akaziunganisha na picha zake za viwanda vilivyobaki magofu, na kazi hiyo imezunguka dunia. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha hapa mjini maonyesho ya picha yaliyoitwa Picha, kwa neno letu wenyewe la Kiswahili.

Jibu langu basi ni hili: shule si lazima, bali mwalimu ni lazima. Anaweza kuwa mwalimu wa shule, au fundi wa studio, au mzee anayejua kukuambia ukweli. Pia kuna mafunzo ya muda mfupi. Kule Johannesburg marehemu David Goldblatt alianzisha mwaka 1989 mahali pa kuwafundisha kupiga picha vijana walionyimwa nafasi na siasa ya ubaguzi. Mtu asiyekuwa na yeyote wa kumkosoa atapiga picha elfu, na kosa litakuwa lilelile mara elfu.

SWALI: Tumesikia kwamba uliacha masomo kwa mwaka mzima. Kwa nini?

(Hapa mwenyeji wetu alinyamaza kidogo, akamtazama mama yake, kisha akaendelea.)

JIBU: Mwaka 2018 nilikwenda mahali wanapochimba madini kwa mikono. Kando ya maji nilimwona mtoto wa kike wa miaka minane au tisa akiosha mawe. Alinyanyua uso, na nuru ya jioni ilikuwa upande mmoja wa uso huo, kama ule upande wa mtungi. Nilipiga picha moja. Mpaka leo ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Mtu mmoja kutoka nje aliiona, akataka kuinunua. Fedha alizotaja zingetosha karo yangu ya mwaka mzima, na baba alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Nikarudi kule kumtafuta mama wa mtoto nimwombe ruhusa. Nilimpata. Nilimwonyesha ile picha, naye akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: “Mwanangu huyu ana gauni la shule nyumbani. Kwa nini hukumpiga akiwa amelivaa?” Nilimweleza kwamba dunia inapaswa kujua shida za watoto. Akanijibu: “Dunia itamjua kwa shida hii, wala haitamjua kwa jina. Akikua, wenzake watamwonyesha.” Akakataa.

Sikuiuza. Karo haikupatikana, na mwaka ule sikusoma. Kaka yangu alisema nimefanya upumbavu, na hata leo hajabadili mawazo. Huenda ana haki upande wake, kwani yeye ndiye aliyekuwa akinunua unga wa nyumba hii. Lakini ile picha si mimi niliyeiishi. Niliporudi mara ya tatu nilimpiga mtoto yule akiwa na gauni lake la shule, nikampa mama yake picha hiyo bure. Si picha nzuri. Mtoto amekakamaa na mikono ameibana ubavuni. Lakini imetundikwa ukutani mwao.

SWALI: Na safari? Vijana wengi wanadhani mpiga picha ni mtu wa kupanda ndege.

JIBU: Mimi nilipanda basi na treni, mama. Ule mwaka wa kukaa nyumbani ulinipa nafasi. Nilifanya kazi ya kupiga picha za harusi, nikaweka akiba, na mwaka 2019 nikafuatana na shangazi yangu aliyekuwa akienda Dar es Salaam kununua bidhaa. Tulivuka mpaka wa Kasumbalesa, tukapita miji ya shaba ya Zambia hadi Kapiri Mposhi, na pale tukapanda treni ya TAZARA. Reli ile ina urefu wa kilometa 1,860 na ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Treni ilichelewa sana, lakini mpiga picha hapotezi kitu treni inapochelewa. Katika kila kituo watu walikuja madirishani kuuza ndizi na mahindi, na kila kituo kilikuwa na nuru yake.

Kutoka Dar es Salaam nilivuka bahari hadi Unguja. Huko Mji Mkongwe iko studio inayoitwa Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, nayo ikaendelea mikononi mwa mwanawe. Kuta zake zilikuwa zimejaa picha nyeusi na nyeupe za Unguja ya kale: majahazi, maharusi, barabara, watoto. Nilisimama humo nikaona haya. Hawa wametunza kazi ya baba kwa karibu miaka 90, nami kazi ya baba yangu nimeiacha stoo, chini ya bati linalovuja.

SWALI: Tutarudi kwenye stoo hiyo. Kwanza tuambie, safari ilikufundisha nini?

JIBU: Mambo matatu. La kwanza ni lugha. Nilidhani najua Kiswahili, na kumbe najua Kiswahili cha kwetu. Nikiomba bukari watu walicheka, maana wao husema ugali. Lakini kucheka huko kulifungua milango kuliko kamera. Mtu akishacheka nawe, ukimwomba kumpiga picha hatakukatalia kwa hasira.

La pili ni kuomba. Salimia kwanza, keti, eleza wewe ni nani, ndipo uitoe kamera. Ukikataliwa, shukuru uende zako. Na kuna mahali ambapo kamera haitolewi kabisa bila ruhusa ya wakubwa: mipakani, madarajani, viwanja vya ndege, kambi za askari. Kijana anayepuuza hilo atapoteza kamera na siku kadhaa za maisha yake.

La tatu ni kwamba kusafiri hakumfanyi mtu awe mpiga picha. Nilirudi na picha mia kadhaa za bahari, na zote zinafanana na za kila mgeni aendaye pwani. Nilichopata safarini ni macho ya kuutazama mtaa wangu. Asiyeweza kupiga picha nzuri ya uani kwao hataiweza bahari.

SWALI: Wasomaji wengi hawana kamera ila simu. Wanalalamika kwamba nyuso hutoka nyeusi, macho hayaonekani.

JIBU: Kosa si la ngozi yetu. Chombo cha kupimia nuru hupima yote yaliyo mbele yake kisha hutafuta wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya anga nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa, kamera huona weupe mwingi, nayo hupunguza nuru. Basi uso huzama. Hata filamu za rangi za zamani zilikuwa na upendeleo. Kwa miaka mingi maabara zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, na sisi tukatoka kama makaa.

Dawa yake ni nyepesi. Usimpige mtu akiwa ameipa nuru mgongo. Mweke ukingoni mwa kivuli, kwa mfano barazani, uso wake ukielekea nje kwenye uwazi. Nyuma yake pawe na kitu kisichong'aa: mlango wa mbao, kitenge, majani ya mwembe. Epuka jua la saa sita; piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katika simu nyingi ukigusa uso wa mtu kwenye kioo, simu itapima nuru ya uso huo. Na futa lenzi kwa kitambaa safi, maana simu zetu hukaa mifukoni pamoja na jasho na vumbi.

SWALI: Na swali la wazazi: kazi hii inalisha?

JIBU: Inalisha kwa vipindi. Miezi ya harusi ninakula vizuri na kuweka akiba. Miezi mingine ninaishi kwa akiba hiyo. Ninapiga harusi, ubatizo, matanga, sherehe za shule. Picha ninazoziita zangu, zile za kuonyeshwa, hazijaninunulia hata mfuko wa unga. Mzazi asimzuie mtoto, lakini amfundishe kuandika hesabu: fedha iliyoingia, iliyotoka, na fungu la kutengenezea kamera. Baba yangu hakuwa na daftari la hesabu. Nadhani hilo lilimwua haraka kuliko simu.

SWALI: Sasa tueleze habari za sanduku.

(Alitupeleka chumbani. Sanduku ni la chuma, la rangi ya kijani, refu kama kitanda cha mtoto. Ndani mna bahasha ndogo ndogo zilizopangwa kwa miaka, na juu yake madaftari manne.)

JIBU: Hizi ni negativi za baba, yaani filamu zilizosafishwa, ambamo cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe. Alikuwa hatupi hata moja. Mwaka 2017, baada ya matanga yake, tulisafisha nyumba, na kaka akalitoa sanduku nje ili ayachome yaliyomo na chuma akiuze. Mimi nilikaa juu yake. Nilikaa mpaka jua lilipotua, ndipo akaniacha.

Lakini sikiliza kosa langu, mama, uwaandikie wasomaji. Nililiokoa sanduku na moto, kisha nikaliweka stoo, nikalisahau kwa misimu mitatu ya mvua. Nililifungua mwaka 2020, niliporudi kuitafakari ile studio ya Unguja. Zile za chini zilikuwa zimegandamana kama keki. Uso wa filamu umetengenezwa kwa gelatini, na gelatini ikinyonya maji huvimba, hunata na kuota ukungu. Nyuso za watu wa miaka mingi ya kwanza zimekwenda. Hakuna aliyezichoma, mimi ndiye niliyeziacha.

Tangu hapo ninazisafisha na kuziandika daftarini moja moja. Kazi hii si yangu peke yangu barani. Nchini Uganda, mwaka 2015, kabati lenye negativi zipatazo 70,000 lilipatikana katika Shirika la Utangazaji la nchi hiyo. Nyingi zilipigwa na wapiga picha wa serikali katika miaka ya utawala wa Idi Amin. Baadhi yake zilionyeshwa mwaka 2019 katika Jumba la Makumbusho la Uganda, mjini Kampala, watu wakaja kutazama wakati ule kwa macho yao. Na Fosso, niliyemtaja, nyumba yake mjini Bangui ilivunjwa na kuporwa mwaka 2014 wakati wa vita. Kazi yake ya maisha ilitupwa njiani, nao waandishi wa habari waliopita hapo wakaokoa sehemu yake. Picha haifi mara moja tu, mama. Inaweza kufa mara nyingi.

SWALI: Kuna mtu amewahi kuja kutafuta picha yake humu?

JIBU: Wapo. Lakini yuko mmoja nisiyemsahau. Mwaka 2022 alikuja mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge cha buluu. Alisema mwanawe alifariki, na nyumba yao iliungua, hana picha yake hata moja. Alikumbuka kwamba baba yangu alimpiga mtoto huyo mwaka 1991, siku alipofaulu shule ya msingi. Mtoto alivaa kofia ya baba yake iliyomfika masikioni, na mkononi alishika redio ya studio. Tulitafuta kutwa nzima. Wakati huo sikuwa nimeandika hata robo ya sanduku, na bahasha za mwaka ule zilikuwa zimechanganyika. Hatukuipata. Yule mama alinishukuru kana kwamba nimempa kitu, akaondoka. Kwa upumbavu wangu sikumwuliza anakaa wapi.

Baada ya miezi kumi na minne nilifungua bahasha iliyokuwa imeandikwa mwaka mwingine kabisa. Humo alikuwamo mtoto mwenye kofia hadi masikioni, ameshika redio, anajizuia kucheka. Nimekwisha kuisafisha picha hiyo. Iko hapa. Nimeuliza sokoni na makanisani, lakini sijampata mama yule.

SWALI: Mwisho, wenye picha za kale majumbani wafanye nini zisiharibike?

JIBU: Waanze leo, wasingoje mvua. Mambo yenyewe ni haya:

Kwanza, picha zisikae jikoni wala stoo wala kwenye ukuta unaopigwa na jua. Chumba cha kulala, juu ya kabati, ndani ya boksi kavu, panatosha.

Pili, andikeni nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka, kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya na kutoboa uso wa picha. Fanyeni hivyo wazee wakiwa hai, kwani wao ndio wanaojua majina.

Tatu, jihadharini na albamu za kunata. Gundi yake hugeuka manjano, na picha haing'oki tena. Tumieni bahasha za karatasi safi.

Nne, picha iliyo ndani ya fremu isiguse kioo. Wekeni kipande cha karatasi ngumu pembeni ili pawe na nafasi, la sivyo unyevu utaigandisha.

Tano, picha zilizolowa na kushikamana msizibandue kwa nguvu. Zilazeni katika maji safi ya baridi, mzitenganishe polepole, kisha mzianike kivulini, uso ukitazama juu.

Sita, zilizomo katika simu nazo hufa siku simu ikiibwa au ikianguka majini. Chagueni kumi kila mwaka mkazichapishe kwenye karatasi, na nyingine wekeni nakala mahali pawili tofauti.

Hapo mazungumzo yetu yakaisha, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na mwenyeji wetu alikuwa na harusi ya kupiga picha. Kabla hatujaagana tulimwuliza mama yake kama yeye ana picha yake mwenyewe ukutani. Mzee huyo alicheka, akasema kwamba mumewe alikuwa mpiga picha, binti yake ni mpiga picha, na yeye katika miaka yote hiyo hana ila picha ya kitambulisho. Binti yake aliona haya. Akamwomba akae kwenye kigoda barazani, uso ukielekea uani, mlango wa mbao ukiwa nyuma yake, kama alivyotufundisha. Mama alikataa kwanza, akaenda kubadili kilemba, kisha akaja akakaa.

Msomaji mpendwa, Jumapili hii utoe zile picha zilizo katika bahasha ya zamani, uketi na bibi au babu wa nyumba, uandike majina nyuma yake. Na ikiwa wewe ndiwe yule mama uliyefika Katuba mwaka 2022 kutafuta picha ya mwanao mwenye kofia na redio, au ikiwa unamfahamu, tafadhali utuandikie kwa anwani ya gazeti hili. Picha imepatikana. Inakungoja, wala hutadaiwa malipo.